Wauguzi wenzangu, hivi simulesheni ya kwenye simu mnaikubali kweli au mnabofya tu mpate pointi?

Zamu_ya_Usiku (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Mlioko zamu poleni, mlioko off msitusahau.

Mimi ni muuguzi mkunga, hospitali ya wilaya, Kanda ya Ziwa. Wodi ya wazazi huu ni mwaka wa tisa. Mwaka jana nikavishwa kofia ya pili, uratibu wa mafunzo kazini. Kofia yenyewe haina posho, ina lawama tu. Kazi ni kuhakikisha kila muuguzi ana pointi zake za CPD, yaani za kujiendeleza kitaaluma, kabla leseni haijafika tarehe ya kuhuishwa.

Zamani ilikuwa nyepesi. Mradi unakuja, watu wanaitwa ukumbini, mdoli unalazwa mezani, tunabanabana ambu, ule mfuko wa kumpulizia mtoto hewa, kwa zamu, chai na chapati, saini, kila mtu kwake. Safari hii tumeletewa simulesheni ya mtandaoni. Unafungua kwenye simu au kishikwambi, unaona chumba cha leba kimechorwa, mama kalala, mtoto anatoka hajalia, na saa inahesabu pale juu. Unachagua mwenyewe: umfute? umnyonye ute? umpe hewa? Ukizubaa rangi ya mtoto inabadilika. Ukimaliza unaambiwa ulichelewa wapi, kwa sekunde.

Nikaipeleka kwa mbwembwe. Wauguzi 41 kwenye orodha. Baada ya wiki tatu mfumo unasema 38 wamemaliza. Nikafurahi, nikamtumia matroni ripoti. Kisha nikafanya kosa la kuangalia muda. Zoezi la dakika 25, watu 19 wamelimaliza kwa dakika nne. Wote 19 usiku mmoja, wanapishana dakika chache, kutoka kifaa kimoja. Yaani kuna mtu usiku ule aliokoa watoto 19 peke yake, na asubuhi hakuna hata aliyempa soda.

Nilitaka kuwaka. Kilichonizuia ni jambo nililoliona mwenyewe siku chache kabla.

Tuna sista mmoja, miaka 54, wodini tunamwita Mama Mkubwa. Huyu ndiye aliyenifundisha kupima mlango wa kizazi kwa vidole. Semina zote anakaa nyuma, hatoi neno, na mdoli haugusi. Anasema magoti yanamsumbua. Usiku huo leba ilikuwa imetulia, mama mmoja tu, sentimita nne. Naingia chumba cha wauguzi namkuta, miwani iko nchani mwa pua, simu kaishika mbali kama mtu anayesoma dozi kwenye kichupa. Hakujua nimesimama mlangoni.

Mtoto wa kwenye simu katoka, kimya. Mama Mkubwa akamfuta. Kimya. Akagusa pengwini, kile kifaa cha kunyonya ute, akanyonya mdomo, akanyonya pua. Akarudi kumsugua mgongo. Akanyonya tena. Simu ikalia: sekunde 60 zimekwisha, mtoto hajapewa hewa.

Akaisonya ile simu. "We mtoto, wenzako nimewatoa kabla baba yako hajaoa." Akaanza upya. Mara ya pili yaleyale. Mara ya tatu yaleyale. Mara ya nne akamfuta, akamsugua kidogo, akamwangalia, akabana kitovu akakata, akaenda moja kwa moja kwenye ambu. Kifua cha yule mtoto wa katuni kikapanda. Akaiweka simu mapajani, akanyamaza muda mrefu, ndipo akageuka akaniona.

"Hivi na mimi huwa nanyonya muda wote ule?"

Sikumjibu. Lakini jibu ni ndiyo, na nimelijua kwa miaka mingi, na sikuwahi kuthubutu kumwambia.

Sasa niambieni ukweli, humu hatujuani. Hizi simulesheni mnazikubali? Kama mnazikataa, mnakataa nini hasa?

---

binti_wa_zamu

Mleta uzi usiwatafute watu ubaya. Mimi ni mmoja wa wale wa dakika nne, ila sio kituo chako. Kwetu kuna kijana wa tehama anakufanyia kwa 5,000, cheti unatumiwa WhatsApp. Nililipa na sijutii.

Kwanza bando ni langu. Simu ni yangu, kioo kimepasuka, na ile katuni ikifunguka tu simu inapata moto kama pasi. Muda ni wangu pia: zamu wodi nzima ni mimi na mhudumu mmoja, nikifungua simu ndugu wa mgonjwa wananirekodi kwamba muuguzi anachati. Kwa hiyo niifanye off, nyumbani, mtoto analia, ugali uko jikoni. Na ile sauti inaongea Kiingereza cha puani, mpaka nielewe ameuliza nini mtoto wao ameshakufa.

Kujifunza napenda sana. Ila hili mmeliita mafunzo kazini, mbona linafanyika kila mahali isipokuwa kazini?

---

Patroni Mstaafu

Vijana, hamjambo.

Sisi tuliosoma zamani tulijifunza kudunga sindano kwenye machungwa. Unashika chungwa, unapaka spiriti, unadunga. Chungwa halikuwahi kulalamika, wala halikutikisika. Siku ya kwanza nimeshika paja la mtu mzima, nilitetemeka mpaka mgonjwa ndiye aliyenituliza.

Kwa hiyo vifaa vya kuigizia havinishangazi, nimeviona vikibadilika umbo tu. Ninachowauliza ni kimoja. Kumpa mtoto hewa ni kazi ya mkono. Kidole gumba na cha shahada vinabana barakoa, vile vitatu vinainua taya, kichwa kimenyooka kidogo tu, ukizidisha umeziba njia. Barakoa ikiachia kando hewa yote inatoka nje, kifua hakipandi, na wewe unaendelea kubana ukidhani unaokoa. Hilo nalo simu inakufundisha? Ukigusa picha ya ambu kifua kinapanda chenyewe! Mnamzalisha muuguzi anayejua jibu lakini hana mkono.

Huyo Mama Mkubwa wako mpe mdoli.

---

Baba_Bajaji

Mimi sio muuguzi, nimepita tu. Mke wangu ana mimba ya miezi nane. Kwa hiyo mnataka kuniambia watu wanacheza gemu kwenye simu, wengine wanalipa 5,000 wachezewe, halafu ndio wanakuja kumshika mke wangu? Hii nchi hii.

---

Zamu_ya_Usiku

Baba_Bajaji, hasira yako naielewa. Ila fikiri kidogo: ungependa nikosee wapi mara tatu, kwenye simu au kwa mwanao? Nyie madereva mnafundishwa uwanjani kabla ya kuingia barabarani. Usichokubali ni leseni ya kununua, na hapo tuko pamoja.

Patroni, shikamoo. Hoja yako ya mkono naikubali bila ubishi. Lakini ngoja nikupe kisa cha hapahapa nchini, ambacho kinakugusa na wewe.

Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara. Mwaka 2010 wakunga walifundishwa kozi ile ya kumsaidia mtoto kupumua, siku moja, kwa mdoli na mkono kama unavyotaka. Baada ya miezi saba wakapimwa tena. Kwenye mdoli walikuwa wamepanda vizuri sana. Wakaangaliwa leba, kwa watoto halisi, na utendaji haukuwa umebadilika. Utafiti ulitoka 2013. Siku moja ya semina, hata ukiwa na mdoli mzuri namna gani, haikuvuka mlango wa leba.

Kilichokuja kubadilisha hali ni kitu kidogo mno. Waliuweka mdoli palepale leba, watu wakawa wanafanya dakika tatu hadi tano kila wiki, na mara moja kwa mwezi dakika 40. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Hiyo ilichapishwa 2015. Njia ileile ndiyo iliyokuja kupanuliwa kwenye vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, matokeo yake yakatoka Februari 2025, na vifo vya watoto na vya mama vyote vilipungua.

Kwa hiyo mimi ninachokitafuta ni ile dakika tano ya kila wiki. Mdoli tunao mmoja, unakaa kabati la inchaji, ufunguo anao inchaji, inchaji yuko likizo. Simu iko mfukoni kwa kila mtu.

---

mpole_wa_ICU

Nimecheka hapo kwenye ufunguo wa inchaji. Kumbe ni nchi nzima.

---

Msomi_Jioni

Naomba niingie, maana nasomea shahada ya uzamili na mada yangu imekaa humuhumu.

Suala la watu kukubali au kukataa teknolojia kazini lina nadharia yake maarufu, ya Fred Davis, 1989. Anasema mtu hujiuliza mambo mawili. Kwanza, kitu hiki kitanifanya nifanye kazi yangu vizuri zaidi? Pili, kukitumia kutanitoa jasho kiasi gani? Nia ya kukitumia inatokana na majibu hayo. Mwaka 2003 Venkatesh na wenzake wakaipanua, wakaongeza watu wanaokuzunguka wanasema nini, na mazingira yanakuruhusu au la: umeme, mtandao, kifaa, mtu wa kumuuliza ukikwama.

Mpitishe humo binti_wa_zamu utaona. Swali la manufaa hajalikataa hata kidogo, alichokikataa ni jasho na mazingira.

---

Dawa_ya_Moto

Kwa hiyo Mzungu aliandika kitabu 1989 kusema mtu hatumii kitu kisichomsaidia na kinachomsumbua? Bibi yangu anajua hilo tangu uhuru.

---

Msomi_Jioni

Haha, haikuwa kitabu bwana, ilikuwa makala. Lakini bibi yako angekuambia pia kwamba mtu anaweza kukubali kitu kwa mdomo na asikitumie. Hapo ndipo penye tatizo la tafiti zetu nyingi. Tunawapa wauguzi dodoso palepale ukumbini baada ya zoezi, chai iko mezani, aliyeleta kifaa amesimama mbele anatabasamu. Nani ataandika "sikubali"? Wote wanaweka alama ya "nakubali sana". Tunarudi chuoni tunaandika kwamba wauguzi wana mwitikio mkubwa. Mleta uzi angesimama kwenye ile ripoti ya 38 kati ya 41, angekuwa na tasnifu nzuri kabisa, na ingekuwa ya uongo. Ile safu ya muda ndiyo iliyosema kweli.

Na kwa Patroni: Marekani walifanya utafiti mkubwa, baraza lao la mabodi ya uuguzi, ukatoka 2014. Wanafunzi 666 walimaliza, vyuo 10. Kuna waliobadilishiwa hadi nusu ya saa za wodini wakapewa simulesheni, na mwisho hawakupishana na wenzao. Ila wasiuchukulie watu kama kibali cha katuni ya simu. Kule kulikuwa na maabara zenye midoli, walimu waliofundishwa kusimamia, na kila zoezi linafuatiwa na kikao cha kuzungumza. Na walikuwa wanafunzi. Mtu wa miaka 54 aliyekwisha kuzalisha maelfu ana shida tofauti na mwanafunzi: yeye hajifunzi upya, anafumua mazoea. Kufumua kunauma zaidi.

---

Muuguzi254

Nawasoma nikiwa Kenya, kaunti moja ya magharibi. Hii stori yenu tumeiona huku mapema.

Mwaka 2005 shirika la afya la Amref pamoja na Baraza la Wauguzi walianza masomo ya mtandaoni kupandisha wauguzi wa cheti wafike diploma. Walengwa walikuwa zaidi ya 20,000. Mimi niliingia 2009. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kushika mausi. Kituo chetu kilikuwa na kompyuta mbili, tunazipigia foleni kama maji. Kulikuwa na mama mmoja karibu astaafu, aliinua mausi juu akaielekeza kwenye skrini kama rimoti ya TV. Hatukumcheka, sababu kila mtu alijua anayefuata ni yeye.

Na bado tulimaliza! Unajua kwa nini? Sababu mwisho wa safari kulikuwa na kitu cha kushika. Ulitoka KECHN (muuguzi wa cheti) ukawa KRCHN (wa diploma), ukapanda, payslip ikabadilika. Hata kama kompyuta ilikuwa inakwama, hukuiacha. Sasa hizi za pointi, ukifanya vizuri unapata pointi, ukifanya vibaya unapata pointi, ukifanyiwa unapata pointi. Mtu mwenye akili timamu atachagua ipi?

Kuhusu simu, kuna ile simulesheni ya LIFE, ya Chuo Kikuu cha Oxford na wenzetu watafiti wa KEMRI-Wellcome hapa Nairobi, imefuata mafunzo ya ETAT+, yale ya huduma za dharura kwa watoto. Unatembea ndani ya hospitali ya kuchorwa, unatafuta vifaa mwenyewe, unaulizwa swali, ukikosea unaelezwa, unarudia. Niliipenda kwa sababu inakubana kwenye mpangilio, nini kianze, nini kifuate. Mkono haifundishi, na sikuitarajia inifundishe mkono. Patroni, hapo nakupa heshima zako.

---

Mhasibu_wa_Ukweli

Mnazunguka sana. Semeni neno lenyewe: POSHO.

Semina ya ukumbini siku tatu mtu anarudi na hela ya ada ya mtoto. Simulesheni ya simu anarudi na simu isiyo na chaji. Mnashangaa haikubaliki? Hakuna nadharia ya 1989 hapo.

---

binti_wa_zamu

Wewe lazima uko ofisini una kiyoyozi. Mshahara wetu unaujua? Posho ndiyo iliyokuwa inalipa nauli na chakula. Mtu anayesafiri toka zahanati ya ndani kwenda mjini alale hewani?

---

Mhasibu_wa_Ukweli

Sijasema vibaya. Nimesema semeni. Mradi ukija na simulesheni unaandika kwamba "imepunguza gharama za mafunzo". Gharama haikupungua, imehama. Zamani ilikuwa ya mfadhili, sasa ni bando la binti_wa_zamu na off yake.

---

binti_wa_zamu

Hapo umeongea. Samahani kwa la kiyoyozi.

---

mtafuta_kazi_2

Wakuu samahani kutoka nje ya mada, ajira za afya zimetoka? Nina diploma toka mwaka juzi. Mimi hata hiyo simulesheni nipeni nifanye, angalau mikono isisahau.

---

Dada_wa_Leicester

Nimeona niseme kidogo kutoka Uingereza, nilihamia miaka michache iliyopita. Huku leseni inahuishwa kila miaka mitatu, unatakiwa saa 35 za kujiendeleza, na 20 kati ya hizo lazima uwe umeshirikiana na watu wengine. Kukaa peke yako unabofya hakutoshi. Halafu unaandika tafakari tano na unazijadili na muuguzi mwenzako aliyesajiliwa.

Nilivalishwa miwani ya uhalisia pepe, mgonjwa anadhoofika mbele yangu, nikigeuka kushoto namwona mumewe analia. Dakika ya saba nikaivua nikatapikia ndoo. Sio mimi tu, wapo wengi inawapa kizunguzungu, kwa hiyo msidhani huku kila mtu anaimba nayo.

Ila nilichokipenda ni baada ya miwani. Tulikaa watu wanne, nusu saa, mwalimu hakusema "umekosea". Aliuliza, "Ulipoona presha imeshuka ulikuwa unafikiria nini?" Nikajikuta nasema kitu ambacho sijawahi kukisema kazini: kwamba niliona, lakini niliogopa kumwita daktari nikaonekana najipendekeza. Mwenzangu Mfilipino akasema na yeye. Zoezi lilikuwa dakika 12, ile nusu saa ndiyo iliyonibadilisha. Mleta uzi, nyie mkimaliza mnazungumza?

---

Zamu_ya_Usiku

Hatuzungumzi. Tunapiga picha ya cheti tunatuma kwenye kundi.

---

Fundi_Tehama

Wapo waliotajwa humu kama "kijana wa tehama wa 5,000", sio mimi, ila tunafanana majukumu.

Nisemee upande wa vifaa, maana kila anayetuletea mfumo anaujaribia ofisini kwenye nyaya za kasi. Ukinunua simulesheni uliza maswali haya kabla hujasaini: inapakuliwa ikakaa kwenye kifaa na kufanya kazi bila mtandao, au kila kitendo kinaenda kwenye seva? Inakumbuka ulipoishia umeme ukikatika? Inafunguka kwenye simu ya gigabaiti mbili za RAM? Ina Kiswahili, angalau maandishi? Kwetu ulikuja mfumo, mtu akifika hatua ya mwisho mtandao ukikatika unaanza mwanzo. Watu wazima wenye heshima zao walilia.

Suluhisho letu lilikuwa la kienyeji. Vishikwambi viwili vilivyobaki kwenye zoezi la sensa ya 2022, nikavifuta, nikaviwekea ile programu tu, hakuna Facebook hakuna chochote, vimefungwa kwa mnyororo kwenye meza ya leba. Ndugu wa mgonjwa hawezi kusema unachati.

Na lingine: tukaondoa majina. Kila mtu ana namba yake ya siri anayoichagua. Mwanzo ubao wa alama ulikuwa unaonyesha jina, nani wa kwanza nani wa mwisho. Vijana walifurahi. Watu wa umri wa matroni hawakukigusa hata siku moja. Tulipotoa majina, wiki ileile nikaona mtu kaingia saa nane usiku, akarudia zoezi la mama kutokwa damu mara sita. Sijui ni nani na sitaki kujua.

---

Patroni Mstaafu

Hili la majina limenigusa. Miaka yetu ukikosea wodini mkufunzi anakuita mbele ya mgonjwa, mbele ya wenzako, anakusema mpaka ukoo. Tulijifunza, sikatai. Lakini tulijifunza pia kuficha. Nilikuwa na mwenzangu hakuwa anajua kukokotoa matone ya dripu. Alijificha miaka kumi na moja. Kila zamu alikuwa anamtafuta mtu wa kumwambia "hebu nihakikishie hapa". Tuligundua alipohamia kituo ambako alikuwa peke yake.

Sitasema zaidi ya hapo.

Kama hiyo simu inampa mtu pa kukosea bila kuonwa, basi naondoa nusu ya maneno yangu. Nusu ya mkono inabaki.

---

mpole_wa_ICU

Mimi nina wasiwasi tofauti kabisa. Hao wenye mfumo wanaona kila kitu tunachobofya. Leo ni mafunzo, kesho mtoto akifariki wodini, mwanasheria anaomba kumbukumbu: "muuguzi huyu alishindwa zoezi hili mara tatu mwezi Machi". Mnajua data inakaa kwa nani? Hospitali? Mradi? Kampuni ya nje? Nilimuuliza aliyetuletea akaniambia "usijali". Neno "usijali" likitoka kwa mtu wa mradi mimi najali mara mbili.

---

Zamu_ya_Usiku

Wakuu, nimerudi. Kimya changu cha wiki mbili na nusu kilikuwa cha kazi.

Kwanza niliwaita wale 19. Mmojammoja, sio kikao. Sikumripoti mtu. Nikauliza swali moja tu, "ungekuwa mimi ungefanyaje?" Kumi na nne wakasema mambo yaleyale ya binti_wa_zamu, karibu kwa maneno yaleyale. Wawili wakasema hawaoni herufi, wanahitaji miwani na wanaona aibu. Hili sikulifikiria kabisa. Nilikuwa nawaita wavivu kumbe hawaoni.

Kisha nikamfuata inchaji karudi likizo, nikamwomba ufunguo. Mdoli sasa uko leba, kwenye rafu, na ambu yake na barakoa namba sifuri na namba moja. Kishikwambi cha hospitali kilichokuwa kinakaa kwa katibu nimekililia mpaka kimekuja, nacho kiko palepale kwa mnyororo, Fundi_Tehama nimekuiga wazi. Herufi nimezikuza.

Utaratibu ni huu. Mkikabidhiana zamu, wawili wanabaki dakika kumi. Mmoja anafanya tukio la kwenye kishikwambi, la dakika tano. Hapohapo anageuka, anafanya lilelile kwa mkono kwenye mdoli, mwenzake anashika saa. Kifua kisipopanda, anarekebisha barakoa, kichwa, anafungua mdomo, anabana kwa nguvu kidogo. Halafu mwenzake anauliza lile swali la Dada_wa_Leicester, "hapa ulikuwa unafikiria nini?" Basi. Pointi naandika mimi nikiuona mkono, alama za kishikwambi haziendi popote. Kumbukumbu zinafutwa kila Ijumaa, mpole_wa_ICU hilo ni lako, na nimelipigania kuliko yote.

Mambo hayajanyooka. Wiki ya kwanza zamu za jioni hakuna aliyefanya, wodi ilikuwa na wamama 31 kwa vitanda 22, dakika kumi utazitoa wapi. Wiki ya pili umeme ulikatika siku mbili. Na kuna mkunga mmoja, mzuri sana, amekataa katakata, anasema yeye hawezi kufundishwa na katuni, nimpe mdoli tu. Nimempa mdoli tu. Patroni, una mfuasi.

Posho hakuna. Nilichopata kwa matroni ni kwamba zile dakika kumi zinaandikwa kwenye ratiba kama muda wa kazi. Ni kidogo, lakini imeandikwa.

---

binti_wa_zamu

Hongera mleta uzi. Sasa mimi nataka kujua, yule kijana wa 5,000 anarudisha hela?

---

Fundi_Tehama

Hiyo imeshaliwa dada.

---

Baba_Bajaji

Mke wangu kajifungua jana. Wa kike, kilo 3.1. Hakulia mara moja, mimi nilikuwa nje nasikia wanaitana, kama dakika nzima, sijui. Kisha akalia. Sijui walijifunza wapi na sikuuliza. Nimekuja kusema tu.

---

Zamu_ya_Usiku

Hongera sana Baba Binti! Chanjo usisahau, na kitovu msipake kitu chochote nje ya mtakachopewa na kituo.

Wakuu, nimalizie na hili halafu nikalale, nimetoka zamu. Usiku wa jana saa kumi Mama Mkubwa kanivuta pembeni. Kaniuliza kwa sauti ya chini kama kwenye hicho kishikwambi kuna na ya mama anayetokwa damu baada ya kuzaa. Nikamwambia ipo, naitangaza Jumatatu. Akasema Jumatatu ni mbali. Anataka ufunguo wa mnyororo Jumamosi, akiwa naiti, kabla sijamwambia mtu yeyote.